Kuserereka mawimbini: hatua za mwanzo kwenye ufuo mpole

Anayeanza kujifunza kuserereka mawimbini, yaani kupanda wimbi juu ya ubao, hudhani kazi yote ni kusimama. Akianguka mara ya kumi analaumu miguu. Lakini ukimtazama kutoka ufukweni unaona kosa lilitangulia: kalala mbele mno au nyuma mno kwenye ubao, au kapanda povu lililokwisha nguvu, au kaingia baharini saa ambayo maji hayamsaidii. Kusimama kwenyewe ni jambo la sekunde moja, na ubao ukishakwenda vizuri chini yako hutauona ugumu wake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo yanayotangulia sekunde hiyo.

Sharti ni moja: kujua kuogelea. Uweze kwenda mita 50 bila kugusa chini, na uweze kuelea chali dakika kadhaa bila kuhangaika. Kamba ya mguuni, ile inayokufunga na ubao, ikikatika, ubao unakwenda zake na wewe unabaki na mikono yako.

Ufuo na saa

Ufuo unaofaa una mchanga mtupu chini na mteremko mdogo. Kipimo chake ni miguu yako. Ukitembea hatua 30 au 40 ndipo maji yakufike kiunoni, hapo panafaa. Ukipiga hatua tano maji yakawa kifuani, ondoka, hata kama mawimbi yanaonekana madogo. Wimbi huvunjika likifika mahali ambapo kina ni kama mara 1.3 ya kimo chake; wimbi la sentimita 60 huvunjika kwenye maji ya sentimita 80 hivi. Chini panapopanda polepole, wimbi humwagika kutoka kileleni kidogo kidogo, na povu lake husafiri mbali likisukuma taratibu. Chini panapopanda ghafla, wimbi hujikunja na kuangusha uzito wake wote mahali pamoja, na mahali hapo ndipo utakapokuwa umesimama.

Fukwe nyingi za tropiki zina mwamba wa matumbawe upande wa nje, unaoivunja nguvu bahari kabla haijafika ndani. Ni neema kwa mwanafunzi, ila mwamba huo una saa zake. Maji yakijaa unapita juu yake bila kujua kwamba upo. Yakipwa, mwamba unakuwa sentimita chache chini ya tumbo la ubao, na ukianguka utaujua.

Kwa hiyo jifunze kupwa na kujaa kabla hujajifunza kitu kingine chochote. Katika fukwe nyingi maji hujaa kwa saa sita na kidogo, yakapwa kwa muda kama huo, na kila siku ratiba husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kama jana saa nne asubuhi palikuwa pazuri, leo patafaa kwenye saa tano kasoro dakika kumi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana, mikondo hukimbia, na miamba huchomoza. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo na bahari haibadiliki sana ndani ya saa moja. Mwanafunzi akiweza kuchagua, achague maji mafu. Akiwa hawezi, aingie maji yakiwa nusu na yanajaa: mwamba umefunikwa, na mkondo unaelekea kumleta pwani badala ya kumtoa. Maji yakijaa kabisa, mawimbi huvunjika miguuni pa ufuo na kurudi yakigongana na yanayokuja. Hapo pumzika.

Upepo nao. Asubuhi mapema, kabla nchi kavu haijapata joto na kuanza kuvuta hewa kutoka baharini, maji huwa laini na mawimbi huonekana mstari kwa mstari. Kufikia adhuhuri upepo wa baharini umeyachafua. Upepo mwepesi unaotoka nchi kavu huyanyoosha mawimbi vizuri, lakini ukiwa mkali usiingie, maana ubao mkubwa wa mwanafunzi ni kama tanga: utakupeleka nje kuliko mikono yako inavyoweza kukurudisha.

Kimo cha mawimbi kiwe cha magoti hadi kiuno. Chini ya magoti ubao hausukumwi vya kutosha. Juu ya kiuno unatumia nguvu zako zote kupambana badala ya kujifunza.

Robo saa ya kukaa tu

Kaa mchangani dakika 15 au 20 ukitazama. Mawimbi huja kwa mafungu: makubwa matatu, manne, matano, kisha kimya. Anayefika na kuingia papo hapo mara nyingi huingia wakati wa kimya, akafika kiunoni, ndipo fungu kubwa likamkuta.

Tafuta njia ambayo maji yanarudi nje. Maji yote yanayosukumwa ufukweni lazima yarudi, na hupenda kurudi kwa mfereji mmoja. Mfereji huo hauna povu. Mawimbi huvunjika kulia kwake na kushoto kwake, lakini pale katikati maji ni meusi kidogo au yamechanganyika na mchanga, yana mikunjo midogo, na majani au mapovu yanasafiri kuelekea nje. Asiyejua hupaona kuwa ndipo patulivu, akaingilia hapo. Uanze mbali na mfereji huo, na mkabala na pa kuanzia weka alama ufukweni: mti, nguzo, paa la nyumba. Kila baada ya mawimbi machache tazama kama bado uko mbele ya alama yako, kwa sababu maji hukusogeza ubavuni bila wewe kuhisi.

Mkondo ukikuchukua hata hivyo, baki juu ya ubao. Ubao unaelea, na mtu aliye juu ya kitu kinachoelea hazami. Usipige makasia kurudi moja kwa moja ufukweni, maana unashindana na maji yote ya ufuo. Vuta kwenda ubavuni, sambamba na pwani, hadi ufike penye povu, kisha uache povu likulete. Ukichoka, kaa tuli, inua mkono mmoja juu na uite.

Ubao

Chukua ubao wa foamu, ule wenye ngozi laini juu, wa futi 8 hadi 9, upana wa inchi 22 au 23, unene wa inchi 3 au zaidi. Mbao nyingi huandikwa ujazo wake kwa lita. Hesabu rahisi ni uzito wako kwa kilo, ongeza 15 hadi 20: mwenye kilo 60 atafute lita 75 hadi 80, mwenye kilo 85 asishuke chini ya lita 100. Vijana hupenda ubao mfupi kwa sababu ndio wanaouona kwenye video. Ubao mfupi huzama kidogo chini ya mwanafunzi, na ubao uliozama hauserereki, unasukuma maji tu.

Majina ya sehemu zake: pua ni mbele na mkia ni nyuma (baharia angesema omo na tezi), sitaha ni juu unapolala, tumbo ni chini, kingo ni pembeni kushoto na kulia. Chini ya mkia kuna mapezi, kwa kawaida matatu, ambayo huzuia mkia usiteleze ubavuni. Ya plastiki laini yanamfaa mwanafunzi, kwa kuwa pezi gumu hukata ngozi.

Kamba ya mguuni iwe na urefu sawa na ubao au zaidi kidogo. Ikiwa fupi, ubao hurudi usoni kwa kasi. Kagua vitu viwili kila siku: velkro (utepe wa kujishikiza unaofungwa mguuni), kwamba inashika na haina mchanga, na kifundo kidogo cha uzi kwenye mkia, kwamba hakijaanza kufumuka. Kamba hufungwa mguu wa nyuma, juu kidogo ya kifundo cha mguu, na sehemu inayotoka kamba ielekee nje na nyuma ili usiikanyage.

Mguu upi ni wa nyuma? Simama miguu pamoja, mwambie mwenzako akusukume mgongoni bila kukutahadharisha. Mguu uliotangulia kukuokoa mara nyingi ndio wa mbele. Kama majini unajisikia umegeuzwa kinyume, badilisha siku hiyohiyo. Jaribio hilo halisemi kweli kila mara.

Sitaha ya foamu ikiteleza, paka nta pale miguu na kifua vitakapokaa. Nta zina madaraja ya joto, na iliyotengenezwa kwa maji ya tropiki ni ngumu kuliko nyingine. Nta ya maji baridi hapa itayeyuka iwe mafuta.

Mwilini vaa fulana ya kubana ya mikono mirefu. Itakukinga na jua, ila kazi yake ya kwanza ni tumbo: saa moja ya kulala na kuinuka juu ya sitaha yenye nta na mchanga humenya ngozi ya kifua na mbavu. Mafuta ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, yapakwe dakika 15 au 20 kabla ya kutoka juani na yarudiwe kila baada ya saa mbili. Usipake kwenye viganja, nyayo wala mapaja ya mbele, maana yatahamia kwenye ubao na utateleza. Nyuma ya magoti wengi husahau, na ndipo panapoungua zaidi kwa mtu aliyelala kifudifudi.

Mchangani kwanza

Lala juu ya ubao ukiwa nchi kavu, mapezi yameingizwa kwenye mchanga ili yasivunjike. Vidole vya miguu viguse karibu na mwisho wa mkia, mwili uwe juu ya mstari wa katikati, miguu pamoja, kifua kimeinuka kidogo na macho mbele. Viganja viweke sitahani, bapa, usawa wa mbavu za chini, kama mtu anayetaka kujisukuma kutoka sakafuni. Visishike kingo. Ukishika kingo, mkono mmoja utasukuma zaidi ya mwingine, na ubao utapinduka kabla hujainuka.

Kuna namna mbili za kusimama. Ya kwanza ni ya mruko mmoja: sukuma, kunja magoti, miguu yote ifike chini yako kwa pamoja. Inahitaji nyonga nyepesi. Ya pili huwafaa wengi wanaoanza:

1. Sukuma kifua juu, mikono inyooke, nyonga zikibaki karibu na sitaha.
2. Kunja mguu wa nyuma na uuweke chini kwa ubavu wa unyayo, goti likitazama nje, karibu pale goti la mguu mwingine lilipo.
3. Simamia mguu huo na viganja, inua nyonga, kisha pitisha mguu wa mbele katikati ya mikono.
4. Achia mikono. Inuka ukiwa umekunja magoti, mgongo haujapinda sana, mikono imelegea mbele yako.

Unyayo wa mbele uwe karibu na katikati ya ubao, umegeuka kiasi cha nyuzi 45. Wa nyuma ukingame kabisa, mbele kidogo ya mapezi. Kati yao paache upana wa mabega na kidogo zaidi. Mstari wa katikati upite chini ya upinde wa nyayo zote mbili. Wengi husimama visigino vikiwa juu ya mstari na vidole vikining'inia upande mmoja, na ubao huelekea upande huo bila wao kujua kwa nini.

Usipitie magotini. Kupiga magoti kunaonekana njia ya mkato, na wimbi la kwanza utafurahi, lakini ukiwa magotini huna pa kusukumia, na tabia hiyo ni ngumu kuiacha. Rudia mara 15 hadi 20 mchangani. Mtu akikuangalia na kucheka, mwache acheke. Yeye hajui kwamba majini una sekunde moja tu.

Alama ya kidevu

Sehemu hii isome mara mbili. Ingia maji ya kiunoni palipo shwari, lala juu ya ubao na utazame pua. Iwe juu ya maji kwa vidole viwili au vitatu, sentimita 3 hadi 5. Pua ikizama, shuka nyuma kwa sentimita mbili mbili. Ikiinuka sana hewani, na nyuma ya mkia maji yakafanya kishimo, panda mbele. Tumia sentimita, si mkono mzima. Tofauti kati ya pazuri na pabaya ni ndogo kuliko upana wa kiganja.

Ukishapata pahali, angalia kidevu chako kiko juu ya nini: herufi ya jina la ubao, ukingo wa rangi, doa. Kama hakuna kitu, chora mstari kwa kipande cha nta. Kuanzia hapo, kila unapolala, kidevu kiende juu ya alama hiyo bila kufikiri. Wanafunzi wawili wakiingia pamoja, mmoja na alama na mwingine bila, mwenye alama atashika mawimbi mengi zaidi kwa sababu hii moja tu.

Vuta maji kwa mikono kwa zamu, kushoto kisha kulia, vidole vimelegea na kuachana kidogo. Mkono uingie mbele ya bega, upite karibu na ukingo, utoke kwenye paja. Mikono miwili kwa pamoja hufanya ubao uende na kusimama, uende na kusimama. Ubao ukiyumba kulia na kushoto, tatizo si mikono, ni kichwa kinachoyumba nayo. Tazama mbele, kidevu kitulie.

Povu la kwanza

Siku za mwanzo usiende nje mawimbi yanakovunjikia. Povu linalokuja baada ya wimbi kuvunjika lina nguvu za kutosha, na huja kila mara bila kungoja zamu.

Ukitembea kwenda ndani, ubao uwe ubavuni mwako, pua ikitazama mawimbi. Usiuweke kamwe kati yako na wimbi. Ubao uliokingama mbele ya kifua, hata povu la magotini hukupiga nao mbavuni, na hili ndilo jeraha la kawaida la siku ya kwanza. Povu likifika, bonyeza mkia ili pua iinuke, lipite chini.

1. Simama maji ya kiunoni. Yakifika kifuani huwezi kuruka kulalia ubao vizuri.
2. Chagua povu likiwa bado mbali. Geuza ubao, pua iangalie ufukweni sawasawa. Ukiwa umekaa mshazari, povu litashika upande mmoja wa mkia na kukuzungusha.
3. Likiwa mita 5 hivi, lala. Kidevu kwenye alama.
4. Vuta maji mara tatu au nne, mivuto mirefu yenye nguvu. Ubao unaokwenda husukumwa. Ubao uliosimama hupitwa au kupinduliwa.
5. Povu litagusa mkia na kuuinua. Hapa wengi huacha mikono. Vuta mara mbili nyingine, na inua kifua kidogo ili pua isizame.
6. Utahisi ubao unakwenda wenyewe, haraka kuliko mikono yako. Mtikisiko unapungua, unasikia maji yakisugua tumbo la ubao. Hapo ndipo unapolishika wimbi, si kabla.

Mawimbi kumi ya kwanza usisimame. Fika ufukweni ukiwa umelala. Egemea ukingo wa kulia uone ubao unavyogeuka, egemea wa kushoto, sogea mbele kidogo uongeze kasi, nyuma kidogo upunguze. Ukiona mchanga uko karibu, shuka kabla mapezi hayajagusa.

Kisha simama kwa namna uliyoirudia mchangani. Macho yawe kwenye ile alama ya ufukweni. Anayetazama miguu kichwa kinashuka, uzito unamfuata mbele, pua inazama, na anaruka juu ya ubao kifudifudi. Ukishasimama kaa hivyo, magoti yamekunjwa, hadi povu liishe. Ukihisi ubao unapunguza kasi, egemea mguu wa mbele kidogo.

Yanayoharibika, na sababu zake

Pua inazama na unarushwa mbele. Ama umelala mbele ya alama, ama umepanda wimbi lililokuwa tayari limesimama wima, ama ulisukuma kwa kifua badala ya viganja wakati wa kuinuka. Anza na alama.

Wimbi linapita chini yako, linakuacha. Umelala nyuma mno au umeanza kuvuta umechelewa. Angalia pua: kama ilikuwa angani, ni la kwanza.

Umeshika vizuri lakini ukisimama ubao unakufa chini yako. Miguu imetua nyuma mno, na mkia unafanya kazi ya breki. Mguu wa mbele haukufika katikati, mara nyingi kwa sababu nyonga hazikuinuka vya kutosha kuupisha.

Unaanguka chali kila mara. Umesimama wima kabla ya kutulia. Magoti, magoti.

Unaanguka upande uleule. Mikono kwenye kingo, au nyayo haziko juu ya mstari. Mwombe mtu akupige picha za video mawimbi matatu. Utaona mwenyewe ndani ya dakika moja kile ambacho maelezo hayakuonyeshi.

Baada ya saa moja hakuna kinachokwenda, ingawa mwanzo ulikuwa mzuri. Mabega yamechoka. Mivuto ya mwisho imelegea, unashika kwa kuchelewa, unasimama kwa kuchelewa. Toka unywe maji. Saa moja hadi moja na nusu kwa siku inatosha mwanzoni, na kwenye joto la tropiki kiu huja baada ya mwili kuishiwa maji.

Kuanguka

Anguka bapa, kwa mgongo au ubavu, kama mtu anayejitupa kitandani, na uangukie pembeni ya ubao au nyuma yake, si mbele. Usitangulize kichwa, hata maji yakionekana ya kina; fungu la mchanga huhama, na mahali palipokuwa pa kifuani dakika tano zilizopita paweza kuwa pa magotini. Usitue kwa miguu iliyonyooka pia. Ukiwa chini ya maji funika kichwa na uso kwa mikono, subiri wimbi lipite, kisha toka ukiwa umetanguliza mkono mmoja juu, kwani ubao unaweza kuwa juu yako. Ukitoka tu, tazama upande wa bahari. Mawimbi huja kwa mafungu.

Usizungushe kamba mkononi kuuvuta ubao. Wimbi likiuchukua, itakaza vidole.

Viumbe wa chini: penye mchanga wa maji mafupi kunaweza kuwa na taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia. Kokota nyayo badala ya kuzinyanyua, naye atakimbia akihisi. Akikuchoma, ondoka majini, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri ngozi inavyostahimili, yapata nyuzi 45 za Selsiasi, ukiyapima kwanza kwa mkono usioumia, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha nenda hospitali. Kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani. Ukiguswa na konyeza, kiumbe laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha, suuza kwa maji ya bahari, usisugue kwa mchanga, na toa nyuzi zake kwa kitu badala ya vidole vitupu. Pumzi ikibana, usingoje. Mchubuko wa matumbawe osha mara moja kwa sabuni na maji safi, ukiondoa vipande vyote, hata kama ni mdogo. Hiyo midogo ndiyo inayotunga usaha.

Wimbi ambalo halijavunjika

Ukishasimama na kufika ufukweni katika povu saba kati ya kumi, sogea nje. Povu linalokuzuia njiani, pinduka kama kasa: shika kingo usawa wa mabega, jigeuze chini na ubao uwe juu yako kama gamba, uvute karibu, uache povu lipite, ujigeuze tena. Ubao wa futi 9 huwezi kuuzamisha kwa kusukuma pua. Usiutupe pia. Ubao pamoja na kamba hufagia duara la mita tano na nusu kila upande, na ndani yake kuna watu.

Nje, kaa au lala mita chache nyuma ya pale mawimbi yanapoanza kuvunjika. Tafuta wimbi lenye kilele kimoja, likishuka taratibu kulia au kushoto. Lililo sawa kama ukuta kutoka mwisho hadi mwisho litavunjika lote kwa pamoja, huna pa kwenda. Vuta mapema kuliko ulivyozoea, mivuto sita hadi nane, kwa kuwa wimbi zima lina kasi kuliko povu na halisukumi kwa kishindo. Elekeza pua mshazari kidogo, upande ambao wimbi bado halijavunjika, ndipo userereke pembeni badala ya kushuka moja kwa moja.

Hapa kuna sheria za watu. Wimbi moja, mtu mmoja, na haki ni ya aliye karibu zaidi na kilele. Tazama upande huo kabla ya kuvuta mivuto ya mwisho. Ukimwona mtu ameshasimama, acha. Ukirudi nje zunguka mbali, penye maji tulivu, usipite mbele ya anayekuja. Ukijikuta umeshakuwa njiani pake, elekea kwenye povu nyuma yake, hata kama litakupiga. Ukikosea, omba radhi palepale. Wengi watakusamehe kwa sababu walianzia hapohapo.

Ukitoka

Suuza ubao, kamba na fulana kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Usiache ubao juani wala ndani ya gari lililofungwa. Joto huvimbisha foamu, na ngozi hubanduka kutoka kwenye kiini. Uweke kivulini, tumbo juu, nta isiyeyuke. Ukiona ufa au uvimbe, ukaushe na uzibe kabla ya kurudi majini, kwani foamu iliyokunywa maji huongeza uzito upande mmoja na ubao hauendi tena sawa.

Ubao mfupi uutafute pale tu utakapoweza kushika wimbi zima kwa mivuto yako mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, na kulifuata kushoto na kulia. Hata hapo, punguza futi moja, si tatu, na uanze upya kutafuta alama ya kidevu. Kwenye ubao mpya haitakuwa mahali pale.